Kivu Kaskazini: Sahani ya maharagi, kinga ya mwili na mashamba yaliyoachwa

Mwezi wa Aprili 2025, huku miji ya Butembo na Beni ikiwa imebeba maelfu ya familia zilizokimbia vita, jarida la kisayansi la Nature Medicine lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika Moshi, chini ya mlima Kilimanjaro nchini Tanzania. Watafiti waliwabadilishia watu chakula kwa muda wa wiki mbili tu, kisha wakapima damu yao. Walioacha ndizi, maharagi na mboga za majani ili kula mkate mweupe, soseji na chipsi, kinga yao ya mwili ilidhoofika. Waliofanya kinyume chake walionekana kupata nafuu.

Kwa mkaaji wa Butembo au Beni, matokeo hayo hayazungumzii chakula cha mbali. Ndizi mbichi, maharagi, sombe, lengalenga, viazi vitamu na matembele ni vyakula vya kila siku katika eneo la Grand Nord. Lakini utafiti huo unaleta swali ambalo halijibiwi na daktari peke yake: ikiwa chakula kinacholinda mwili kinaota hapa hapa, nani bado anaweza kukifikia?

Wanaume 77 wa Kilimanjaro

Utafiti huo uliongozwa na Quirijn de Mast wa kituo cha tiba cha chuo kikuu cha Radboud, Uholanzi, pamoja na watafiti wa KCMC, hospitali kubwa ya Moshi, akiwemo Mtanzania Godfrey Temba. Walioshiriki walikuwa wanaume 77 wenye afya njema. Kundi la kwanza lilikuwa la watu wa vijijini waliozoea chakula cha asili, na wakapewa chakula cha mtindo wa Ulaya. Kundi la pili lilikuwa la watu wa mjini waliozoea chakula cha viwandani, nao wakarudishwa kwenye chakula cha asili. Kundi la tatu lilikunywa kwa wiki moja mbege, kinywaji cha ndizi kilichochachushwa, ambacho Mkongomani wa Kivu angekiona kuwa ndugu wa kasiksi. Watu kumi waliendelea na chakula chao cha kawaida ili wawe kipimo.

Katika kundi la kwanza, protini zinazoonyesha kwamba mwili uko katika hali ya uvimbe wa ndani zilipanda. Chembe za damu zinazopigana na magonjwa zilijibu kwa udhaifu zilipokutanishwa na vijidudu maabarani. Katika kundi la pili na la tatu, dalili za uvimbe zilipungua. Baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yanaonekana wiki nne baada ya watu kurudi kwenye chakula chao cha zamani.

Utafiti huo una mipaka yake. Wanawake na watoto hawakuwemo, idadi ya watu ilikuwa ndogo, na kilichobadilishwa ni sahani nzima: mafuta, chumvi, sukari, nyama na nyuzinyuzi kwa pamoja. Haiwezekani kusema kwamba nyuzinyuzi peke yake ndizo zilizofanya kazi. Lakini matokeo yake yanaenda njia moja na tafiti nyingine. Mwaka 2015, watafiti walibadilishana chakula kati ya Wamarekani weusi 20 wa mji wa Pittsburgh na watu 20 wa vijijini huko KwaZulu-Natal, Afrika Kusini. Baada ya wiki mbili, wale Wamarekani waliokula nyuzinyuzi nyingi walikuwa na dalili chache za uvimbe katika utumbo mpana, na wale wa Afrika Kusini waliokula chakula cha Marekani walielekea upande wa hatari.

Kinachotokea tumboni

Ili kuelewa habari hii, ni lazima kuanza na bakteria. Watu wengi wanalifahamu neno hilo kama jina la ugonjwa. Lakini ndani ya utumbo mpana wa kila mtu wanaishi bakteria kwa matrilioni, na wengi wao ni wapangaji wanaolipa kodi ya nyumba.

Mtu akila bugali, nyama au mafuta, sehemu kubwa inavunjwa na kuingia mwilini katika utumbo mwembamba. Nyuzinyuzi hazivunjiki huko. Hizo ni sehemu za mmea, kama ganda la maharagi, nyuzi za mboga na wanga fulani wa ndizi mbichi, ambazo mwili wa binadamu hauna kemikali ya kuzimeng'enya. Zinafika utumbo mpana zikiwa nzima, na huko bakteria wanazila. Nyuzinyuzi zile ambazo bakteria wenye faida wanazipenda na kuongezeka kwa ajili yake ndizo wataalamu wanaziita prebiotiki. Zisichanganywe na probiotiki, ambazo ni vijidudu vyenyewe vilivyo hai, kama vile vilivyomo katika maziwa ya mgando. Kwa ufupi, probiotiki ni mbegu, na prebiotiki ni mbolea.

Bakteria wakila nyuzinyuzi wanatoa asidi ndogo ndogo. Moja inaitwa butireti. Hiyo ndiyo chakula kikuu cha chembe zinazofunika ukuta wa utumbo mpana. Ukuta ukishiba unabaki imara, na vijidudu vibaya vinashindwa kupenya kwenda kwenye damu. Asidi hizo pia zinapeleka ujumbe kwa chembe za kinga, ambazo nyingi sana zinakaa kandokando ya utumbo: zinazifundisha kutofautisha adui na chakula, na kutowasha moto pasipo sababu.

Bakteria wakikosa nyuzinyuzi hawakai na njaa bure. Baadhi yao wanaanza kula ute unaofunika ukuta wa utumbo. Ute ukiwa mwembamba, ulinzi unapungua. Majaribio ya panya maabarani yameonyesha jambo hilo waziwazi.

Chakula cha Banande na hesabu ya gramu

Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitoa mwongozo mwaka 2023: mtu mzima ale angalau gramu 25 za nyuzinyuzi zinazotoka kwenye chakula cha asili kila siku, na mtoto wa miaka miwili hadi mitano angalau gramu 15. Kikombe kimoja cha maharagi yaliyopikwa kina kati ya gramu 11 na 15 kulingana na aina. Kikombe cha mchele mweupe uliopikwa hakifikishi hata gramu moja. Kipande cha mkate mweupe vilevile.

Maana yake ni kwamba familia ya Butembo inayokula maharagi mchana, sombe au lengalenga jioni, na kiazi kitamu asubuhi, inafikia kiwango cha OMS bila kununua dawa wala unga wowote wa dukani. Ndizi mbichi iliyochemshwa, viazi vilivyopikwa vikapoa na bugali uliopoa vina wanga ambao haumeng'enywi kwa urahisi, na ambao bakteria wanaufurahia. Vitunguu na pwaro zinazoshuka kutoka Lubero zina inulini, mojawapo ya prebiotiki zilizochunguzwa zaidi duniani. Huko Ulaya inulini inauzwa ndani ya kopo. Huku inauzwa kwa fungu, sokoni.

Wazo hili si geni katika eneo hili la Afrika. Ng'ambo ya Ruwenzori, nchini Uganda, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, alifanya kazi kati ya 1946 na 1966, kwanza Lira, kisha katika hospitali ya Mulago mjini Kampala. Aliona kwamba magonjwa ya utumbo yaliyojaza hospitali za Uingereza, kama saratani ya utumbo mpana, yalikuwa nadra kwa wanakijiji wa Uganda. Katika miaka ya 1970, yeye na mwenzake Hubert Trowell, aliyefanya kazi pia Kenya na Uganda, waliiambia dunia kwamba sababu mojawapo ni nyuzinyuzi zilizoondolewa kwenye chakula cha Wazungu. Wakati ule hawakuwa na vyombo vya kuhesabu bakteria. Leo vyombo hivyo vipo. Utafiti wa chuo kikuu cha Stanford uliochapishwa mwaka 2023 ulikuta aina 730 hivi za vijidudu katika utumbo wa Mhadzabe mmoja wa Tanzania, kwa wastani, na 277 hivi kwa mkaaji wa California.

Mji unabadilisha sahani

Hata hivyo, sahani ya Butembo inabadilika. Butembo ni mji wa wafanyabiashara. Magari yanayopita mpaka wa Kasindi yanaleta unga wa ngano, mchele, tambi, sukari na mafuta. Mkate mweupe na chai ya sukari ni chakula cha asubuhi cha fundi, mwanafunzi na mwendesha pikipiki. Kula mchele na nyama ni alama ya kufaulu. Maharagi, kwa watu wengi, ni chakula cha shule na cha gereza.

Si suala la majivuno tu. Kuna hesabu ya makala. Maharagi makavu yanakaa motoni saa nyingi, na makala yanagharimu. Mama anayerudi sokoni saa kumi na mbili jioni hawezi kuwasha moto wa saa tatu. Anapika kinachoiva haraka. Kwa hiyo ushauri wa "kuleni maharagi" usiotaja makala ni ushauri wa mtu asiyepika. Njia rahisi ipo: kuloweka maharagi usiku kucha na kumwaga maji yake kabla ya kupika. Hilo linapunguza muda wa moto, na linapunguza pia gesi tumboni, lawama ya kwanza ya wanaoyakataa. Mtu ambaye hajayazoea aanze na kidogo. Bakteria wanahitaji siku kadhaa kuongezeka.

Upande wa Beni kuna jambo lingine. Katika miaka ya karibuni, wakulima wengi wamepanda kakao kwa sababu inaleta fedha. Hakuna ubaya kulipia ada ya shule kwa kakao. Lakini kakao haiingii chunguni, na shamba lililokuwa na maharagi, karanga na ndizi pamoja lililisha familia namna ambayo fedha ya msimu mmoja hailishi.

Vita vinachagua chakula

Mabadiliko makubwa kuliko yote hayatoki dukani. Yanatoka msituni na barabarani. Tangu Oktoba 2014, wanaume kwa wanawake wa eneo la Beni wanauawa mashambani mwao, na kundi la ADF ndilo linalolaumiwa kwa sehemu kubwa ya mauaji hayo. Upande wa kusini, waasi wa M23 waliiteka Kanyabayonga mwishoni mwa Juni 2024, kisha wakasonga ndani ya Lubero hadi Alimbongo mwezi wa Desemba. Baada ya Goma kuanguka mwishoni mwa Januari 2025, serikali ya jimbo ilihamia Beni.

Lubero ndiyo bustani ya Butembo: viazi, maharagi, karoti, shu, vitunguu. Mkulima akikimbia, hasara yake haipimwi kwa magunia tu. Kinachopotea kwanza ni mchanganyiko. Muhogo unavumilia: unaweza kukaa ardhini miezi mingi ukimngoja mwenyewe. Mboga hazingoji. Maharagi yasipovunwa kwa wakati yanaoza au yanavunwa na wengine. Familia iliyokuwa na aina saba au nane za mimea kwa wiki inabaki na bugali wa muhogo na chumvi, au na kile inachopewa na jamaa walioipokea. Tumbo linajaa, lakini bakteria waliokuwa wakiishi kwa maganda ya maharagi na majani wanabaki bila chakula.

Msaada wa chakula nao umepungua. Mwaka 2025, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, PAM, lilipunguza idadi ya watu linaowasaidia mashariki mwa Congo kwa kukosa fedha. Familia ikipewa nusu ya ilichohitaji, inanunua kinachoshibisha wengi kwa bei ndogo.

Wanaoumia zaidi ni watoto. Kabla hata ya vita hivi vya karibuni, utafiti wa kitaifa wa MICS wa 2017-2018 ulikuta kwamba karibu watoto 42 kwa kila 100 wa chini ya miaka mitano nchini Congo wamedumaa. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba ni suala la kiasi cha chakula tu. Sasa inajulikana kwamba bakteria wa tumboni wana sehemu yao.

Mwaka 2013, timu ya Jeffrey Gordon wa chuo kikuu cha Washington huko St. Louis, Marekani, ilichapisha utafiti juu ya mapacha wa Malawi. Katika nyumba moja, kwa chakula kimoja, pacha mmoja alipata kwashiorkor, ambayo huko Kivu Kusini inaitwa bwaki, na mwenzake akabaki mzima. Bakteria wa mtoto mgonjwa walipowekwa ndani ya panya waliolishwa chakula cha Malawi, panya hao walikonda. Bakteria wa pacha mzima hawakuleta madhara hayo.

Timu hiyo, pamoja na watafiti wa Bangladesh, iliendelea. Mwaka 2021 walitangaza matokeo ya chakula walichokitengeneza kwa makusudi ili kulisha bakteria wa watoto wenye utapiamlo wa kadiri katika mtaa maskini wa Dhaka. Watoto zaidi ya 100 walifuatiliwa. Waliopewa chakula hicho walikua vizuri kuliko waliopewa chakula cha kawaida cha msaada, ingawa chakula kipya kilikuwa na nguvu ndogo zaidi kwa hesabu ya kalori. Ndani yake mlikuwa na unga wa dengu, karanga, soya na ndizi mbichi.

Karanga, soya na ndizi mbichi zinapatikana soko lolote la Beni na Butembo. Haifuati kwamba mama akisaga vitu hivyo nyumbani atapata dawa ileile, kwa maana vipimo vilifanywa kwa watoto wa Dhaka na bakteria wa kule. Lakini inaonyesha kwamba jibu la sayansi ya juu kabisa limerudi kwenye mimea ambayo mkulima wa Lubero na Beni anaijua.

Mahali nyuzinyuzi zinapoishia

Grand Nord inajua gharama ya maneno yasiyo sahihi kuhusu afya. Kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, Ebola ilileta visa 3,470 na kuua watu 2,287, na Butembo na Beni zilikuwa katikati ya msiba huo. Uvumi uliua pia, kwa sababu ulichelewesha wagonjwa kufika kituoni. Kwa hiyo inafaa kusemwa wazi: hakuna maharagi yanayozuia Ebola, mpox, kipindupindu wala surua. Chanjo, maji safi, kunawa mikono na kwenda mapema kituo cha afya ndivyo vinavyookoa. Kinga iliyolishwa vizuri inamsaidia mtu kupambana na kupona, lakini haichukui nafasi ya chanjo.

Mtoto mwenye utapiamlo mkali, aliyevimba miguu au kukonda sana, asipewe maharagi nyumbani kwa matumaini. Anahitaji maziwa ya tiba au Plumpy'Nut chini ya uangalizi wa muuguzi. Mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji chochote zaidi ya ziwa la mama, na humo mna prebiotiki ya kwanza ya maisha: sukari maalumu ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya, zilizowekwa kwa ajili ya bakteria wake.

Dawa za antibiotiki zinaua bakteria wabaya na wazuri kwa pamoja. Zikiandikwa na daktari, zinaokoa maisha na lazima zimalizwe. Zikinunuliwa famasi kidonge kimoja kimoja kwa kila homa na kila kuhara, zinafagia utumbo bila sababu. Vivyo hivyo maji machafu: nyuzinyuzi haziwezi kushinda vijidudu vinavyoingia kila siku kwa kikombe.

Kinachoweza kufanyika

Hatua zinazowezekana si za gharama kubwa. Wahudumu wa afya wa jamii, ambao wanaaminika zaidi ya bango lolote, wanaweza kufundisha kuloweka maharagi pamoja na somo la kunawa mikono. Mashirika yanayogawa msaada yanaweza kununua maharagi na mboga kwa wakulima wa maeneo yaliyo salama, badala ya kutegemea unga peke yake. Familia zilizokimbia zinaweza kupewa mbegu za lengalenga, mboga inayovunwa ndani ya wiki chache hata kwenye kipande kidogo cha ardhi nyuma ya nyumba. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben mjini Butembo, kilicho na kitivo cha tiba na cha kilimo, kina uwezo wa kuuliza hapa maswali yaliyoulizwa Moshi: bakteria wa mkulima wa Lubero wanakuwaje baada ya mwaka mmoja wa kukimbia?

Lakini hatua hizo zote zinagonga ukuta mmoja. Mwanamke wa eneo la Beni hahitaji kuambiwa faida ya sombe. Anahitaji kwenda kuichuma na kurudi nyumbani akiwa hai. Mpaka usalama wa mashamba na wa barabara ya Butembo hadi Lubero uhesabiwe kuwa sehemu ya afya ya watu, kama chanjo na maji safi, chakula kinachojenga kinga kitaendelea kuota mahali ambapo wenyewe hawawezi kufika.